Altezza ikifa injini: 3S, 1JZ au 2JZ?

Kwenye matangazo ya magari yaliyotumika Dar es Salaam, Altezza huuzwa kwa hesabu ya pistoni. Kuna "Altezza pistoni nne" na kuna "Altezza pistoni sita". Mnunuzi mgeni akisikia sita hudhani ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa sita ni nyingi kuliko nne. Kwa gari hili hesabu hiyo inakwenda kinyume. Ya pistoni nne, yenye injini ya 3S-GE, ilitoka kiwandani na nguvufarasi 210 kwa gia za mkono. Ya pistoni sita, yenye 1G-FE, ilitoka na 160. Mkanganyiko unaanzia hapo, maana asiyeijua injini aliyo nayo atakosea pia ile anayotaka kuiweka badala yake.

Swali la injini gani iwekwe linaulizwa zaidi kila mwaka kwa sababu magari haya yamezeeka. Toyota iliunda Altezza kuanzia 1998 hadi 2005. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Tanzania hutoza magari ya zamani ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo wenye Altezza wanatunza walizo nazo. Injini ikichoka, mtu huzunguka gereji tatu na kurudi na majibu matatu. Wa kwanza kamwambia arudishe 3S ile ile, wa pili kamsifia 1JZ yenye turbo, wa tatu kamwambia asisumbuke, aweke 2JZ. Kila fundi ana hoja, lakini kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe: mmoja anafikiria gari lilivyoundwa, mwingine nguvu, mwingine urahisi wa kupata spea.

Gari lililoundwa kuzungushwa

Altezza ilibuniwa chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, na ilipotoka ilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani kwa 1998–1999. Lengo lilikuwa sedani ndogo ya milango minne inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye gia sita za mkono na uzito usiozidi mno. Nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS 200, baadaye IS 300. Hata taa zake za nyuma, zenye mifuniko inayoonyesha duara za ndani, ziliigwa na watengenezaji wa vipuri duniani kote mpaka Wamarekani wakauita mtindo mzima jina la gari hili.

Injini ya 3S-GE iliyo ndani yake ni ya lita mbili, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha. Ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, upande wa kuingiza hewa na upande wa kutoa moshi, na kwenye toleo la gia za mkono valvu zake ni za titani, madini mepesi yanayoiwezesha kuzunguka kwa kasi bila kujiumiza. Nguvufarasi zake 210 hupatikana kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, hufika kilele cha nyutonimita 216 kwenye mizunguko 6,400. Injini hii hupiga kelele kwanza ndipo ikimbie. Barabarani kukiwa wazi, raha yake haina mfano. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au ya Thika Road, ambako mguu hautoki kwenye klachi, inahisi kama injini ndogo tu.

Kitu gani huiua

Kabla ya kununua injini nyingine, swali la kwanza ni kwa nini hii imekufa. Gereji nyingi hulipita haraka, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Sababu ya kwanza ni petroli. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu iwe na oktani isiyopungua 96, na ile ya kawaida isiyopungua 89. 3S-GE ya Altezza iliundwa kwa ile ya juu, kwa kuwa mgandamizo wake ni 11.5 kwa moja. Ikipewa mafuta hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Sensa ya kugonga huchelewesha cheche ili kuinusuru, gari hupungua nguvu, dereva hukanyaga zaidi, na joto hupanda.

Sababu ya pili ni oili. VVT-i husukumwa na shinikizo la oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Oili ikikaa muda mrefu kupita kiasi, puli ya VVT-i huanza kutoa kelele asubuhi injini inapowashwa, mfano wa kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Wenye Altezza wanaijua sauti hiyo. Fundi asiyeijua husema "inagonga", akaihukumu injini nzima, kumbe kilichokwisha ni puli.

Ya tatu ni joto, na hapa kuna mazoea ya gereji za Afrika Mashariki yanayostahili kukemewa. Gari likichemsha, kinachotolewa kwanza ni themostati. Ikishatolewa, injini hukaa baridi kupita kiasi barabarani, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba ndiyo kwanza gari limewashwa, na tatizo lenyewe, rejeta iliyoziba kwa maji ya bomba, linabaki mahali pake. Injini mpya ikija hukuta rejeta ile ile.

Kurudisha ile ile

Hoja ya kurudisha 3S-GE ni nzito. Mauntini, giaboksi, propela shafti, waya, kompyuta na hata dashibodi vinasubiri injini ile ile. Kazi ni ya siku chache, na gari linarudi na tabia yake: pua nyepesi, usukani unaojibu, giaboksi na injini zilizopangwa pamoja tangu kwenye karatasi ya mhandisi.

Udhaifu wake ni kwamba 3S-GE yenye VVT-i mbili haipatikani kwenye magari mengine ya Toyota yaliyojaa mitaani. Chanzo chake ni Altezza nyingine, ambayo nayo ni ya umri ule ule. Mnunuzi anabadilisha injini ya miongo miwili kwa nyingine ya miongo miwili ambayo hajui ilivyotunzwa. Tena ile iliyotoka kwenye gari la otomatiki si sawa na ya gia za mkono: nguvufarasi zake ni 200 na haina valvu za titani.

Mtego mkubwa zaidi ni jina. Dukani mtu akiomba "injini ya 3S" anaweza kuonyeshwa 3S-FE, ile ya RAV4 na ya Noah za zamani. Ni injini nzuri ya kazi, mvumilivu wa shida, lakini hedi yake, nguvu yake na kompyuta yake si za Altezza. Herufi mbili za mwisho ndizo zenye habari yote.

Mwenye 1G-FE ana njia rahisi zaidi. Injini hiyo iko kwenye Mark II GX100 na GX110 na kwenye Crown nyingi, na mafundi wanaijua gizani. Anayeridhika na mwendo wake hana sababu ya kuhangaika; aikarabati au anunue nyingine.

2JZ-GE: njia ambayo kiwanda kilishaipita

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa 2JZ-GE ni kwamba Toyota yenyewe iliiweka humu. Lexus IS 300 iliyouzwa Marekani ilikuwa na injini hii ya sentimita za ujazo 2,997, yaani lita tatu kasoro kidogo, ikiwa na nguvufarasi 215. Japani iliwekwa kwenye Altezza Gita ya AS300, gari la usukani wa kulia. Maana yake ni kwamba mauntini, sampu ya oili, bomba za eksozi, propela shafti na difu vinavyolingana na bodi hii viliwahi kutengenezwa kiwandani. Fundi hahitaji kubuni wala kuchomelea kwa kukadiria, ila kutafuta sehemu zilizo sahihi.

Sampu peke yake inaonyesha tofauti hiyo ilivyo kubwa. Injini za JZ zilitumika kwenye magari mengi, na kila gari lilikuwa na mahali tofauti ambapo kina cha sampu kinakaa, mbele, katikati au nyuma. Injini iliyotolewa kwenye Crown ikiletwa kwenye Altezza, kina cha sampu kinaweza kugonga kiunzi cha chini kinachobeba mauntini. Fundi mwenye haraka hukata sampu na kuichomelea upya. Akibadilisha umbo bila kuhamisha bomba la kunyonya oili ipasavyo, siku gari linapokata kona kwa kasi oili hukimbilia upande mmoja, pampu hunyonya hewa, na beringi za krenki huliwa. Injini nzima hufa kwa sababu ya bati lililochomelewa mchana mmoja.

Nguvu zinazoongezeka hazitishi mtu kwa tarakimu. Kutoka 210 hadi 215 ni tofauti isiyostahili kusumbukia, na kwenye baraza za vijana hoja hii huishia hapo. Lakini torki ya lita tatu inakaribia nyutonimita 295, na inapatikana chini sana kwenye mizunguko kuliko ile ya 3S. Gari linaondoka bila kupigiwa kelele, linapanda mlima bila kushusha gia, na kwenye foleni linatembea kwa starehe. Kwa mtu anayeendesha kila siku, hiyo ndiyo nguvu anayoihisi.

Gharama yake ni tabia. Injini ndefu ya silinda sita yenye bloku ya chuma inaongeza uzito mbele, na pua nyepesi ya Altezza inapungua. Haipendi kuzungushwa kama 3S. Petroli nayo hunywa zaidi mjini. Anayeipenda Altezza kwa sauti yake ya mizunguko ya juu atakuwa na gari zuri ambalo si lile alilolipenda.

Jaribu la pili huja baadaye: kuifungia turbo. Mgandamizo wa 2JZ-GE ni mkubwa kuliko wa ndugu yake mwenye turbo, na matoleo ya VVT-i yana konerodi nyembamba zaidi. Kwa shinikizo dogo na mafuta mazuri yanayopimwa kwa kompyuta inawezekana. Kwa kukisia, bloku itatobolewa.

1JZ-GTE: turbo na mnyororo wake

Hii ndiyo injini ya ndoto. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,492, ina silinda sita na matoleo mawili. La mwanzo, kuanzia 1990, lilikuwa na turbo mbili ndogo; la 1996 na kuendelea lilipewa VVT-i na turbo moja. Yote mawili yaliandikwa nguvufarasi 280, na namba hiyo haikuwa ya bahati. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza zaidi ya 280, na yalidumu hadi 2004. Kwa hiyo namba kwenye karatasi haitofautishi matoleo haya. Kinachoyatofautisha ni torki: la zamani hutoa nyutonimita 363 kwenye mizunguko 4,800, la VVT-i hutoa 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. Kwa barabara za mjini, la pili ni bora kwa mbali.

Sifa nyingine ni bloku. Ni chuma kizito kilichotengenezwa kwa akiba kubwa ya uimara, na watu duniani kote wameongeza nguvu zake mbali sana kabla ya kugusa pistoni. Udhaifu unaojulikana uko kwenye turbo za toleo la kwanza: gurudumu la upande wa moshi ni la seramiki, na shinikizo likiongezwa kupita kiasi hupasuka. Anayenunua injini ya zamani na kuipandisha shinikizo siku hiyo hiyo anajitafutia hasara.

Nguvu hizo lakini hazikai peke yake. Giaboksi ya gia sita ya Altezza, J160, imetengenezwa na Aisin kwa injini ndogo. Ndugu zake wako kwenye Mazda MX-5 na Nissan Silvia S15. Ikikabidhiwa nyutonimita 378 na mguu usio na subira, haidumu. Inayohitajika ni R154 yenye gia tano, ile iliyokuja na 1JZ kwenye Chaser na Mark II za turbo, na bei yake imepanda kwa sababu kila mtu anaitaka. Ikishawekwa R154, propela shafti lazima ikatwe na kusawazishwa upya. Difu yenye uwiano wa injini ndogo inayozungushwa sana haifai tena. Rejeta ya lita mbili haipozi turbo. Kipoza hewa kinataka mahali nyuma ya bampa, na bomba zake zinataka njia.

Kisha joto. Kwenye injini za JZ eksozi na turbo viko upande wa kulia, na kwenye magari ya Afrika Mashariki upande huo ndio wa shafti ya usukani. Bila ngao ya joto, mpira na plastiki zilizo karibu hukauka na kupasuka kidogo kidogo. Breki nazo, zilizotosha kwa 210, zinaombwa kusimamisha gari linalofika mwisho wa barabara mapema zaidi. Orodha hii ndiyo bei halisi ya 1JZ, na injini yenyewe mara nyingi ni kipande chake kidogo.

Kubwa zaidi, kwa ufupi

2JZ-GTE ya Supra na Aristo ina yote ya 1JZ kwa ujazo wa lita tatu, na mnyororo ule ule wa matumizi, mzito zaidi. Umaarufu wake umefanya bei ikimbie mbele ya thamani kwa gari la barabarani. Kwa anayekwenda kwenye mashindano ni hesabu nyingine.

1UZ-FE, V8 ya lita nne kutoka Celsior na Crown Majesta, ni mshangao mzuri: bloku ni ya alumini, haina turbo, na ni tulivu. Shida ni upana. Hedi mbili na eksozi mbili zinagombania nafasi na shafti ya usukani, na kupata giaboksi ya mkono inayolingana ni kazi peke yake. Kwa Altezza, inampendeza fundi mwenye muda kuliko mwenye gari.

Waya na karatasi

Mambo mawili hayaonekani kwenye picha za injini inayong'aa. La kwanza ni umeme. Kompyuta ya injini ya VVT-i huzungumza na imobilaiza, throtili ya umeme, sensa za kasi na giaboksi ya otomatiki. Injini ikinunuliwa bila kompyuta na waya wake wote, kwa sababu muuzaji alikata waya kwa mkasi ili aitoe haraka, fundi umeme atakaa siku nyingi akiunganisha rangi moja moja, na gari litazimika njiani bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana wanaojua hununua gari lililokatwa mbele lote, injini ikiwa bado kwenye kiti chake.

La pili ni kadi ya gari. Namba na ujazo wa injini vimeandikwa kwenye kadi ya usajili Tanzania na kwenye logibuku Kenya, na mabadiliko yanatakiwa kuripotiwa TRA au NTSA. Lita mbili ikigeuka lita tatu bila karatasi, shida huonekana siku ya kuuza, au siku trafiki anapofungua boneti. Na kampuni ya bima isiyoambiwa ina sababu mkononi ya kukataa kulipa siku ya ajali. Risiti ya injini, yenye namba yake, ina thamani sawa na spea yoyote.

Mizani

Kwa mwenye 3S-GE ambaye injini yake inapiga kelele lakini bado inavuta, hatua ya kwanza ni puli ya VVT-i, oili, rejeta na themostati mpya, kabla ya wazo la kubadilisha. Wengi wataishia hapo, na wataishia vizuri. Kwa yule ambaye bloku imekufa na anaipenda Altezza kama Katayama alivyoikusudia, 3S nyingine iliyopimwa inabaki chaguo la heshima, mradi akubali kwamba spea zake zitazidi kuadimika.

Kwa mtu anayeendesha kila siku, anayepanda milima ya Arusha au Nakuru na familia ndani, 2JZ-GE yenye sehemu za IS 300 inashinda. Haikuongezei sifa barazani. Inakupa gari linalowaka asubuhi, lenye njia iliyokwisha kupitwa na wahandisi.

1JZ-GTE ni ya mwenye uwezo wa kuilipia mara mbili: mara moja injini, mara ya pili giaboksi, difu, kupoza na breki. Mwenye bajeti ya injini peke yake atapata gari linalokaa gereji, na huyo ndiye anayepaswa kuambiwa ukweli mapema kuliko wote, kwa kuwa ndiye anayeitamani zaidi.

Injini yoyote itakayochaguliwa, iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, ipimwe kabla ya hela kutoka. Kifuniko cha oili kinafunguliwa kwanza: ute mweupe kama maziwa chini yake ni dalili ya maji. Boliti ya mbele ya krenki inazungushwa kwa spana, na mkono unasikiliza kama kuna mahali inapokwama. Plagi zote zinatolewa na kupangwa kwa mpangilio wa silinda zake, kisha geji ya mgandamizo inaingizwa tundu moja baada ya jingine huku stata ikizungusha. Toyota inataka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi paundi 14 kwa inchi ya mraba. Zikisomeka tano zinazolingana na ya sita iko chini kwa paundi 30, mnunuzi afunge mkoba wake na kumwambia muuzaji alete nyingine. Ikipita, taimingi belti, pampu ya maji na sili za krenki vibadilishwe injini ingali sakafuni, ambako mkono unafika bila taabu.